Unga wa Mgeni

Nyasho, Musoma
Jumamosi, 6 Oktoba 1984

Kwako Dada Marieta,

Shikamoo dada yangu. Nakuamkia wewe, namwamkia na shemeji Makongoro, na watoto wote hapo Butiama nawasalimu mmoja mmoja mpaka yule anayenyonya. Mguu wako umepungua uvimbe au bado unakusumbua? Na mvua huko imefika au ni mawingu tu ya kutudanganya kama ya hapa kwetu? Mimi mdogo wako mwili ni mzima. Moyo ndio hauna uzima. Nimekaa chini na kalamu nikiwa na hasira, kwa hiyo maandishi haya yakipanda mlima na kushuka mnisamehe, kisomo cha watu wazima hakikutufundishaga kuandika ukiwa umekasirika.

Baba Boke bado yuko Buhemba. Alituma salamu kwa mtu kwamba dhahabu iko karibu. Huu mwaka wa tatu iko karibu. Haya, tumwache na mashimo yake.

Nakushukuru sana kumpokea mtoto wangu Boke. Siku ile nilimpandisha kwenye lori la pamba bila kukueleza kitu, dereva alikuwa anapiga honi na mimi nalia, nikakuagizia kwa mdomo tu kwamba ukae naye kidogo. Najua umekaa unajiuliza mtoto wa Form Four, mtihani mwezi ujao, anafanya nini Butiama anateka maji na kuchunga mbuzi. Na najua majirani wamekwisha sema ana mimba. Hana mimba, dada. Amefukuzwa shule kwa sababu ya mgomo, na mgomo wenyewe ulianzia kwa yule mgeni wangu, Silvia.

Silvia hukuwahi kumwona. Ni msichana wa Kitaliano, miaka kumi na saba, aliletwa na baba paroko mwezi wa kwanza akae kwangu mwaka mzima asome na Boke darasa moja, ajifunze maisha ya watu wengine, na mwakani kijana wa hapa aende kwao vilevile. Baba paroko alisema amechagua nyumba yangu kwa sababu mimi ni mpishi wa pale pale shuleni na nina binti wa umri wake. Nilijisikia mtu, dada. Nilipaka nyumba udongo upya. Nilikopa shuka. Mtoto mwenyewe ni mwepesi, hana makuu, siku ya kwanza alikula samaki furu na miiba yake yote akakohoa mpaka tukampiga mgongo, kesho yake akaomba furu tena. Kiswahili chake ni cha kuokota. Yeye anamwambia kila mtu shikamoo, hata watoto wadogo, mpaka watoto wa Nyasho wakawa wanampitia makusudi wapate kuamkiwa.

Sasa wewe unajua njaa ya mwaka huu. Huku mjini sembe nyeupe imekuwa kitu cha kusikia. Shuleni tunapika yanga, ule unga wa njano wa msaada, ukiufungua gunia harufu yake inakupiga kama bohari lililofungwa mwaka mzima. Maharage yanaelea wadudu. Ninawaengua na upawa mpaka nachoka, nikiwaengua wote maharage yenyewe yanabaki nusu. Wanafunzi wamewapa jina, wanawaita nyama ya serikali, na mkorofi mmoja wa Form Two, Mseti, alikuwaga akifika dirishani anaomba kwa adabu kabisa, mama naomba uniongezee nyama. Tunacheka, tufanyeje. Wanakula, wanarudi darasani.

Silvia naye alikuwa anakula hiyo hiyo na wenzake mchana, nyumbani jioni anakula kwangu. Hakulalamika. Ila alikuwa anauliza. Huyo mtoto kuuliza ndiyo kazi yake. Kuni zinatoka wapi, mwalimu wa hesabu mbona hayupo tangu Pasaka, viti vimekwenda wapi. Jioni tukikaa kuchambua dagaa anatusimulia ya kwao. Alituambia kwamba kwao wanafunzi wanagoma. Mimi nikadhani wanagoma kama hapa, mara moja katika miaka kumi, na mawe. Akasema hapana, wanagoma karibu kila mwaka, wakati wa baridi, maana baridi ya kwao si mchezo na madarasa hayawashwi moto. Mwaka jana walikaa kwenye ngazi za shule siku mbili wamejifunga mablanketi, wamekataa kuingia, na walimu wengine walikaa nao. Siku ya tatu mkuu wa shule akaja na mafundi, moto ukawaka, wakaingia darasani. Nikamwuliza waliochapwa ni wangapi. Hakuelewa swali. Boke akamfasiria. Akatuangalia kama tumeuliza waliochinjwa ni wangapi.

Nilimwambia Boke usimsikilize huyo, huko ni kwao. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, dada.

Haya. Jumatatu tarehe 24 Septemba, asubuhi paredi, mkuu wa shule, huyu Stanislausi, amesimama mbele na suti yake ya Kaunda anahimiza wanafunzi wavumilie, taifa liko kwenye shida, unga mweupe haupo nchi nzima, hata yeye nyumbani kwake anakula yanga. Silvia akanyoosha mkono. Paredi! Hajui kwamba paredi watu hawanyooshi mkono. Akauliza kwa Kiingereza, Boke alinieleza baadaye, kwamba kama unga mweupe haupo nchi nzima, ule ulio stoo ya shule, magunia aliyoyaona kwa macho yake, ni wa nani?

Mimi nilikuwa jikoni nawasha moto. Halafu nikasikia sahani moja ya uji inagongwa. Halafu zote.

Hawakurusha jiwe hata moja, nakuapia. Walifanya kama Silvia alivyosimulia, walikaa chini uwanjani, safu kwa safu, wakakataa kuingia darasani mpaka stoo ifunguliwe waone. Wanagonga sahani na wanaimba nyimbo za kanisa, maana ndizo wote wanazozijua. Mseti alipita dirishani kwangu akaniambia mama leo usiwashe, leo tunakula haki. Nilicheka. Walikaa mpaka saa nane, jua hilo unalijua. Stoo haikufunguliwa. Waliokuja ni askari na gari mbili.

Sitaki kuandika yaliyofuata na wewe umeyaona mgongoni kwa mtoto. Wasichana walikimbilia jikoni kwangu, nikafunga mlango, na mlango ule ni wa mabati tu.

Kinachonichoma mpaka leo ni walivyogawa makosa. Watoto kumi na wawili waliitwa ofisini kuwa ndio viongozi. Boke wa kwanza, eti kwa sababu analala chumba kimoja na mzungu, kwa hiyo lazima ndiye aliyemfundisha aseme vile. Walichapwa mmoja mmoja mbele ya walimu, na wavulana wamevuliwa mashati. Na Silvia? Silvia aliwekewa kiti. Aliletewa soda, dada, fanta, mwaka huu ambao soda hata harusini haionekani. Akaambiwa kwa upole kwamba wanajua amepotoshwa na wenzake, aandike tu hivyo kwenye karatasi, mambo yaishe. Akakataa soda. Akasema swali ni lake, hakutumwa na mtu, na kama kuuliza ni kosa basi naye achapwe kama Boke. Akasimama kwenye mstari! Mwalimu wa zamu hakujua afanye nini na fimbo yake. Mkuu akasema hawezi kumpiga mgeni, itakuwa aibu kwa nchi. Kumpiga Boke siyo aibu kwa nchi. Kwani Boke ni wa nchi gani?

Halafu wakamwuliza Silvia, huo unga aliuonea wapi na nani alimfungulia stoo? Hapo akanyamaza. Wakamwuliza kwa Kiingereza, wakamwuliza kwa Kiswahili, akaangalia chini. Magige mtunza stoo akaitwa, akaapa kwamba stoo haijawahi kupokea sembe nyeupe tangu mwaka jana. Daftari likaletwa, limeandikwa yanga, yanga, yanga. Basi mkuu akahitimisha kwamba watoto wamesema uongo na kuchochea fujo. Kumi na wawili wakasimamishwa mpaka bodi ikae, na bodi ikithibitisha ndiyo wamefukuzwa moja kwa moja, mtihani wa Novemba hawafanyi. Miaka minne ya mtoto. Bodi inakaa Alhamisi hii ijayo, tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi.

Silvia walimpeleka kwa masista, analala huko. Alipokuja kuchukua nguo zake aliniamkia, akakunja shuka lile la kukopa vizuri kabisa, akanishika mkono. Mimi nikageuza uso nikajifanya naangalia jiko.

Na mji nao, unaujua mji. Kwenye bomba la maji Mama Ryoba aliniuliza mbele ya watu eti, Mama Boke, mzungu ndiye kamfundisha binti yako kugoma au binti yako ndiye kamfundisha mzungu? Wakacheka. Nikamjibu kwamba wanawe yeye wamefundishwa kumeza wadudu na wamefaulu vizuri sana. Nikabeba ndoo yangu. Nilikuwa na maneno makali wiki ile, nilikuwa nayo kwa kila mtu. Nilimtukana Stanislausi moyoni, nilimlaani Magige, nilimlaumu baba paroko kwa kuniletea mgeni, hata Waitaliano na baridi yao niliwasema. Na kila nikimaliza kuwasema wote naona amebaki mtu mmoja sijamsema.

Dada, sasa nasogea kwenye jambo lenyewe. Na wewe macho yako hayakufundishwa herufi, shemeji saa hizi yuko machungani, na watoto wako wakubwa ni wa darasa la kwanza. Kwa hiyo najua sauti inayokusomea barua hii ni ya nani. Nimeandika nikijua. Ningeweza kumpa Alfonce katekista, huyu anayekuletea barua, akufikishie kwa mdomo, nimeona hapana. Boke mama, usiruke mstari. Msomee mama yako mkubwa yote kama nilivyoandika, hata ukitaka kuacha.

Aliyemfungulia Silvia stoo ni mimi.

Unga ule mweupe tuliokuwa tunakula nyumbani tangu mwezi wa kwanza haukutoka Butiama. Boke, nilikudanganya. Nilikwambia mama yako mkubwa ametuma, na wewe dada nikakusingizia ukarimu ambao hukuwa na habari nao, ukatajwa kwenye sala ya chakula kila jioni. Unga ule ulitoka shuleni. Wiki ya kwanza Silvia alipofika, Stanislausi aliniita akaniambia mgeni asilale na yanga tumboni, ataandika kwao kwamba Watanzania wanakufa njaa. Akasema kila Jumamosi nipite kwa Magige nipimiwe sembe, nifunike kikapu kwa kitenge, iwe siri yetu kwa heshima ya nchi. Na mimi nilikubali haraka, sitasema nililazimishwa. Nilifikiri nitamwekaje mtoto wa watu mezani nimpe ugali wa njano unaonuka bohari? Mama yetu alikuwaga anachinja kuku wa mwisho kwa ajili ya mgeni na sisi tunalala na uji. Nikaona nafanya kama yeye. Lakini mama alichinja kuku wake, hakuchinja wa jirani.

Na mgeni hakula peke yake. Tulikula wote. Mimi nilikula. Asubuhi nawaengulia watoto mia nne wadudu, jioni narudi kula sembe yao. Nilikuwa nayaona magunia mle ndani, na nililiona lori lililokuja mara mbili kuyabeba kuyapeleka Bunda kwa wafanyabiashara, nikanyamaza kwa sababu kikapu changu kilikuwa pale pale.

Jumamosi ile, tarehe 22, Boke ulikuwa umekwenda kwaya. Silvia akasema atanisindikiza anibebee mzigo, kwamba si vizuri mama anabeba na yeye amekaa. Nilimkatalia mara mbili, ya tatu nikachoka kukataa. Nikasema ni mtoto, ataona nini. Magige hakuwepo bado, mimi nina ufunguo wa mlango wa jikoni unaoingia stoo. Nikafungua. Alisimama mlangoni anaangalia yale magunia. Aliniuliza kwa kile Kiswahili chake, mama, wanafunzi wanakula lini hii? Nikacheka. Nikamwambia wewe ni mgeni, hii ni yako. Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani amefurahi.

Siku mbili baadaye akanyoosha mkono paredi. Na walipombana aseme nani alimfungulia, alinyamaza kwa ajili yangu, akaacha wamwite mwongo. Na wewe Boke uliulizwa fimbo juu ya fimbo huo unga uliingiaje kwenye habari zenu, na hukuwa na jibu kwa sababu mama yako hakukupa. Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka ofisi ile, nashika mwiko. Nilisikia. Nilihesabu. Sikutoka.

Sasa jana Magige alikuja hapa kwangu, na nusu gunia la sembe nyeupe kwenye baiskeli. Akasema mkuu ananisalimu, anajua nina wakati mgumu, na kwamba kazi yangu ya jikoni iko salama kabisa kama ilivyokuwa. Akaondoka anapiga mluzi. Nilikaa naliangalia lile gunia. Dada, ndipo hasira iliponishuka mahali pake. Walinipima wakaona nusu gunia inanitosha. Na hawakukosea sana, kwa sababu zamani nilikuwa natoshwa na kikapu kimoja.

Sijalifungua. Alhamisi nitalibeba kichwani mchana kweupe, kutoka hapa Nyasho mpaka shuleni, bila kitenge juu, wote wa bombani waone. Nitaliweka mbele ya bodi. Gunia bado lina maandishi ya shule ubavuni, Magige kwa haraka zake hakubadilisha. Nitasema sembe ilikuwepo, nilipimiwa mimi, niliila mimi, na lori lilikwenda Bunda, na siku lilipokwenda nazikumbuka zote mbili. Nitasema watoto hawakusema uongo. Wakinifukuza kazi wanifukuze, wakiniita mwizi nitaitika, ila waniandike mimi kwenye hilo daftari lao na wawafute wale kumi na wawili. Nimekwenda kwa masista nikamwambia Silvia asininyamazie tena. Alilia, halafu akauliza, sasa utakula nini? Huyo mtoto!

Nakuomba dada, Jumatano mpandishe Boke gari la kuja Musoma, afike na sare yake imefuliwa. Nataka awe nje ya ofisi ile Alhamisi pamoja na wenzake, wakiitwa waitwe wote. Kama nauli haipo Alfonce atampakia, nimemwomba.

Lakini usimlazimishe. Akisema haji, mwache. Na akija akanipita pale mlangoni bila kuniamkia, usimseme, wala mtu yeyote asimseme. Boke, umesoma mpaka hapa, ahsante mama. Nitakapopita na lile gunia nitakuwa siwezi kugeuza shingo, kwa hiyo sitajua umesimama wapi. Mimi nitaingia tu.

Msalimie shemeji, mwambie mgeni wangu alikuwa anatamani sana kuona ng'ombe wake. Usiache kukanda huo mguu. Wabusu watoto. Alfonce akirudi nitumie neno lolote kwa mdomo wake, hata likiwa baya nitalipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Eufrasia, Mama Boke